Simu Yako Inamtumikia Nani?

Haya ni mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni.

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini sisi sote tunajua pia kwamba si kila wingu huleta mvua, na kwamba ziko siku mvua hutunyeshea barabarani wakati asubuhi anga lilikuwa jeupe. Ndivyo lilivyo jambo ninalotaka tulizungumze juma hili, yaani dalili za simu ya mkononi ambayo mtu mwingine ameingia ndani yake akiwa mbali, akawa anasoma kinachoandikwa, anasikiliza kinachosemwa, na pengine anabonyeza mahali pa mwenye simu.

Hofu ya jambo hili imeenea mijini. Ndani ya daladala, maofisini na kwenye vibanda vya mafundi utasikia mtu akisema, "Simu yangu inapata moto, nadhani wamenidukua." Mwingine atakuambia chaji yake haifiki adhuhuri, kwa hiyo yumo mtu ndani. Wako waliobadilisha laini, wako waliouza simu kwa bei ya kutupa, na wako waliompa fundi fedha ili awafukuzie jini ambaye hakuwapo. Wakati huohuo, ndugu yangu, wapo watu ambao simu zao zimeingiliwa kweli, nao hawana habari, kwa sababu simu hizo ni baridi kama maji ya mtungini na chaji inakaa kutwa nzima.

Jambo lenyewe si la mzaha. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, na tangu hapo simu ikaacha kuwa chombo cha kusalimiana tu. Leo humo ndimo mlimo akiba, mkopo, mchango wa kikoba, umeme wa LUKU, vyeti vilivyopigwa picha, barua za kazini na maneno ya siri baina ya mtu na mwenziwe. Aliyeingia ndani ya simu yako ameshika ufunguo mmoja unaofungua kasha la fedha, kabati la nyaraka na mlango wa chumba cha kulala.

Ningependa msikilizaji ashike neno moja, hata kama mengine yote yatamtoka. Mara nyingi mgeni huyu havunji mlango. Hufunguliwa na mwenye nyumba mwenyewe, au na mtu aliye karibu na mwenye nyumba. Na kwa kuwa aliingia kwa kupewa ruhusa, ruhusa hiyo imeandikwa mahali fulani ndani ya simu. Anayetaka kujua ukweli ataupata kwa kusoma ruhusa hizo, kuliko kupapasa mgongo wa simu ili aone kama una joto.

MILANGO MITATU

Mlango wa kwanza ni wa maneno matamu. Simu inaita, na anayezungumza ana sauti ya adabu. Anakutaja kwa jina lako kamili. Anasema yeye ni wa benki, au wa kampuni ya simu, na kwamba wakati huu tunapozungumza kuna mwizi anajaribu kuchukua fedha zako. Kwa hiyo anakuomba uweke programu ndogo ili akusaidie. Programu anazozitaja, kama vile AnyDesk na TeamViewer, ni halali kabisa. Zilitengenezwa ili fundi aliye Mwanza aweze kurekebisha kompyuta ya mteja wa Mbeya pasipo kupanda basi. Lakini ukishamsomea zile tarakimu zinazotokea kwenye kioo, na ukabonyeza kukubali, umemkaribisha ndani na kumpa kiti. Kisha anakuambia, "Sasa fungua programu ya benki tuangalie kama salio lako lipo salama." Unafungua, naye anatazama.

Sote tulikwisha jifunza kuicheka ile meseji ya zamani isemayo, "Ile hela itume kwenye namba hii." Mwizi yule wa zamani alikuomba utume fedha. Huyu wa sasa anakuomba umruhusu atazame tu, na ndiyo maana hata watu waangalifu hunaswa.

Mlango wa pili ni wa faili. Unaletewa kwa WhatsApp kadi ya mwaliko wa harusi usiyoijua, au fomu ya ajira, au programu ya mkopo wa haraka. Jina la faili linaishia kwa herufi tatu, apk. Hiyo si picha wala barua. Ni programu kamili ya simu za Android ambayo haikupitia kwenye duka la Google, na simu yenyewe hukuonya kabla ya kuikubali. Wengi tunabonyeza kukubali bila kusoma, kama tunavyokubali masharti ya kila kitu. Hali kadhalika zile WhatsApp za pembeni zenye rangi na mapambo, ambazo kampuni yenyewe ya WhatsApp haizitambui, nazo hupita kwenye mlango huuhuu.

Programu za mikopo zimetuonyesha wazi ruhusa inavyoweza kugeuka fimbo. Mkopaji alizipa idhini ya kusoma orodha ya majina kwenye simu yake, na alipochelewa kulipa, wakwe zake na wakubwa wake wa kazi wakaanza kupokea meseji za kumwaibisha. Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Wakopeshaji wale hawakuhitaji udukuzi. Waliomba ruhusa, wakapewa.

Mlango wa tatu ndio mchungu kuusema, kwa sababu kikulacho ki nguoni mwako. Ziko programu za upelelezi zinazouzwa hadharani kwenye intaneti, zikipambwa kwa maneno ya kulinda watoto au kusimamia wafanyakazi. Mnunuzi anahitaji mambo mawili tu: kuijua namba ya siri ya simu yako, na kuishika simu hiyo kwa dakika chache wewe ukiwa bafuni au usingizini. Baada ya hapo ikoni ya programu hujificha, na meseji, picha na mahali ulipo vinakuwa vikitumwa kwake. Marekani, Tume ya Biashara ya nchi hiyo iliipiga marufuku kampuni ya SpyFone mwezi Septemba 2021 kwa biashara ya namna hiyo. Hapa Afrika Mashariki tunao mfano wa Kenya. Mwaka 2025 watafiti wa Citizen Lab, taasisi iliyo Chuo Kikuu cha Toronto, walieleza kwamba waliikuta programu iitwayo FlexiSPY katika simu za watengenezaji filamu, na kwamba iliwekwa wakati simu hizo zikiwa zimeshikiliwa na polisi. Hapo kuna fundisho kwa kila mtu. Simu iliyotoka mikononi mwako na kurudi inastahili kukaguliwa, hata kama iliporudi ilikuwa imefutwa vumbi na kung'arishwa.

Kuna watakaouliza, je, haiwezekani kuingiliwa bila kufungua mlango wowote? Inawezekana. Programu ya Pegasus ya kampuni ya NSO ya Israel iliweza kuingia kwa njia ya simu ya WhatsApp ambayo mwenyewe hakuipokea, na mwaka 2019 WhatsApp ilisema watu wapatao 1,400 walilengwa hivyo. Desemba 2021 ilitangazwa kwamba simu za wafanyakazi wa Marekani waliokuwa wakifanya kazi Uganda ziliingiliwa kwa chombo hichohicho. Lakini silaha hiyo ni ya gharama kubwa, na kampuni yenyewe husema inawauzia serikali tu. Wanaolengwa ni waandishi, wanasiasa, wanaharakati na mabalozi. Mtu wa namna hiyo asitegemee macho yake, bali apeleke simu kwa wataalamu. Sisi wengine tuliobaki, wauza duka, walimu, makarani na wanafunzi, adui yetu hupitia ile milango mitatu.

DALILI ZINAZOTUDANGANYA

Tuanze na zile dalili zinazotajwa sana. Joto la simu mara nyingi ni joto la jua letu, la kuchaji huku unatazama video, la kugawa intaneti kwa jirani, au la kifuniko kinene. Betri nayo huchakaa kama kiatu. Baada ya miaka miwili au mitatu ya kuchajiwa kila siku haiwezi kubeba ulichokuwa ukibeba ilipokuwa mpya. Kifurushi cha intaneti huisha upesi kwa sababu video hujifungua zenyewe, picha hujihifadhi kwenye akaunti, na programu hujisasisha usiku. Mwangwi au mikwaruzo katika mazungumzo huletwa na mtandao. Anayekusikiliza kwa vyombo vya siku hizi hapigi kelele kwenye laini.

Sisemi mtu azipuuze. Nasema asimhukumu mtu kwa ushahidi huo. Ukiwa na shaka na chaji au kifurushi, ingia kwenye Mipangilio ya simu, fungua sehemu ya betri, kisha sehemu ya matumizi ya data. Humo simu yenyewe itakutajia majina ya programu na kiasi kilicholiwa na kila moja. Ukikuta ni programu ya video, basi mchawi wako ni wewe mwenyewe. Ukikuta jina usilolijua limekula data nyingi wakati umelala, au jina la kujifanya la kawaida kama "Huduma ya Mfumo" ambalo hukumbuki kuliona, hapo umepata uzi wa kuufuata.

DALILI ZENYE UZITO

Dalili ya kwanza yenye uzito ni kioo kinachotembea chenyewe. Programu zinafunguka na kufungwa, herufi zinaandikwa, wewe mkono wako uko mbali. Ni kweli kwamba kioo kilichopasuka au chenye unyevu hubonyeza ovyo. Lakini kioo kibovu hubonyeza kama kuku anavyodonoa, huku na huku bila mpango. Kikifungua programu ya benki, kikaenda kwenye sehemu ya kutuma fedha, huo si ubovu wa kioo.

Ya pili inafanana na hiyo. Simu inaonyesha ghafla kwamba inajisasisha, au kioo kinakuwa cheusi kabisa, na wewe unaambiwa usubiri usizime. Wezi hutumia pazia hilo ili usione wanachofanya nyuma yake. Kama simu yako imeingia katika hali hiyo muda mfupi baada ya kuweka programu ngeni au baada ya kuongea na mtu anayejiita wa benki, usisubiri.

Ya tatu ni simu inayokataa kukaguliwa. Unataka kuiondoa programu, ukurasa unajifunga. Unafungua Mipangilio, unarudishwa mwanzo. Unakuta Play Protect, yaani mlinzi wa Google anayezichunguza programu, imezimwa na wewe hukuizima. Simu nzima haimfichi mwenyewe mambo yake.

Ya nne ipo mahali ambapo watu wengi hawajawahi kufika, nayo ndiyo ningependa kila msikilizaji akaitazame leo hii. Ndani ya Mipangilio kuna sehemu iitwayo Ufikivu, yenye alama ya mtu aliyenyoosha mikono. Sehemu hiyo iliwekwa kwa ajili ya ndugu zetu wasioona na wenye ulemavu, ili simu iweze kuwasomea kilicho kwenye kioo na kuwabonyezea. Fikiri kidogo, ndugu msikilizaji. Programu iliyopewa ruhusa ya kusoma kila kitu na kubonyeza kwa niaba ya mwenye simu imepewa nyumba nzima. Ndiyo maana wezi wa simu za Android huipigania ruhusa hiyo kuliko nyingine yoyote. Kama huna haja ya msaada wa kuona au kusikia, orodha ya programu zilizowashwa humo mara nyingi huwa tupu. Ukikuta programu ya mkopo, ya tochi, ya kusafisha simu au ya kutazama mpira imewashwa humo, jiulize inataka nini.

Jirani ya sehemu hiyo, kwa kawaida ndani ya mipangilio ya usalama, kuna orodha ya programu za msimamizi wa kifaa. Aliyemo katika orodha hii hawezi kuondolewa kwa njia ya kawaida mpaka avuliwe cheo kwanza. Simu ya kazini inaweza kuwa na msimamizi halali wa mwajiri. Simu uliyoinunua kwa fedha zako haipaswi kuwa na bwana mwingine usiyemjua. Tazama pia ni programu zipi zimeruhusiwa kusoma meseji, kusoma arifa, kutumia maikrofoni na kujua mahali ulipo. Wenye iPhone nao watazame katika sehemu ya jumla kama kuna wasifu wa usimamizi uliowekwa bila wao kujua, na tangu mwaka 2022 simu hizo zina sehemu ya ukaguzi wa usalama inayoonyesha ni nani anashirikishwa nini.

Ya tano ni nukta. Tangu Android 12 ya mwaka 2021, kamera au maikrofoni ikitumika hutokea alama ya kijani juu ya kioo. Kwenye iPhone, tangu mwaka 2020, kijani ni kamera na rangi ya chungwa ni maikrofoni. Ukiona nukta hiyo wakati simu imelala mezani na huna mazungumzo na mtu, vuta pazia la juu uone ni programu gani. Hali kadhalika, kioo kinaporushwa kwa mtu mwingine, alama yake huonekana hapohapo juu.

Ya sita haipo kwenye kioo hata kidogo. Ni mtu anayejua asichopaswa kujua. Anataja mahali ulipokuwa jana. Anarudia maneno uliyomwandikia dada yako. Anatokea pale ulipokwenda bila kumwambia. Jambo hilo likitokea mara moja huenda ni umbea wa mtaani, lakini likirudiarudia, lina uzito kuliko joto lote la betri.

MWIZI ASIYEKUWEMO NDANI

Kabla ya kuishtaki simu, kuna mambo matatu yanayofanana na udukuzi lakini yako nje ya simu, na mtu akiyasahau atabadilisha simu tatu na tatizo likabaki palepale.

La kwanza ni vifaa vilivyounganishwa. WhatsApp huruhusu kompyuta au simu nyingine kuunganishwa na akaunti yako. Kazi hiyo huchukua chini ya dakika moja kwa mtu aliyeishika simu yako ikiwa wazi, na wapo matapeli wanaokutumia msimbo wa herufi nane na kukuomba uuingize ili "kuthibitisha", kumbe unawaunganisha wao. Fungua WhatsApp, tazama Vifaa Vilivyounganishwa, na usichokitambua kiondoe. Fanya vivyo hivyo kwenye akaunti ya Google au ya Apple, ambako utakuta orodha ya vifaa vyote vinavyoitumia. Anayeijua nywila ya akaunti yako anaweza kuona picha zako na mahali ulipo akiwa sebuleni kwake, na simu yako ikawa safi kabisa.

La pili ni kuelekezwa kwa simu zinazoingia. Mtu anaweza kukushawishi ubonyeze tarakimu fulani, na kuanzia hapo simu unazopigiwa zikawa zinakwenda kwake, pamoja na zile za benki zinazosoma namba za uthibitisho. Katika mitandao mingi, ukipiga *#21# utaonyeshwa kama simu zako zinaelekezwa kwingine, na ukipiga ##002# maelekezo yote hufutwa. Ukikuta namba uliyoiweka mwenyewe, au ya huduma ya ujumbe wa sauti ya mtandao wako, usihamaki. Ni ile usiyoijua ndiyo ya kuulizia.

La tatu ni laini kuhamishwa. Ghafla simu yako haina mtandao, huku wenzako wa mtandao uleule waliokaa nawe wanapiga kama kawaida. Unazima na kuwasha, bado. Huenda laini yako imefufuliwa kwenye kadi nyingine mikononi mwa mwizi, na sasa meseji zako za benki zinamfikia yeye. Hapo usingoje kesho. Tumia simu ya mwenzako upige huduma kwa wateja. Kwa Tanzania, ukipiga *106# unaweza pia kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na kwa Kenya wateja wa Safaricom hutumia tarakimu hizohizo.

UKISHAJUA, FANYA NINI?

Hapa inatupasa tutofautishe wezi wawili, kwa kuwa dawa zao hazifanani.

Kama ni mwizi wa fedha, dakika ni mali. Zima intaneti na Wi-Fi, au izime simu kabisa, maana aliye mbali hana kamba nyingine ya kukushikia. Tuchukue mfano wa mama mwenye duka Kariakoo aliyeona kioo chake kikicheza chenyewe. Asianze kutafuta mjuzi wa kompyuta. Azime simu, aazime ya jirani, aipigie benki na kampuni ya simu, aombe akaunti zake zifungwe kwa muda. Kisha, kwa kutumia kifaa kingine kilicho salama, abadilishe nywila ya barua pepe kwanza, halafu ya benki, halafu nyinginezo. Kubadilisha nywila kwenye simu ileile iliyoingiliwa ni kumnong'oneza mwizi nywila mpya. Baada ya hapo simu isafishwe kwa kurejeshwa katika hali ya kiwandani, na programu ziwekwe upya moja moja kutoka duka rasmi. Namba ya tapeli wa Tanzania hutumwa kwenda 15040, na kwa wateja wa Safaricom wa Kenya meseji ya kitapeli hutumwa kwenda 333.

Kama anayekuchungulia ni mtu unayelala naye nyumba moja, usikimbilie kufuta. Nasema hivi kwa uzito. Siku programu ile itakapozimwa, naye atajua kwamba umejua. Kwa mtu mwenye mkono mwepesi, hiyo ndiyo siku ya hatari. Mwanamke aliye katika hali hiyo, au mwanamume, kwanza atafute mahali salama na mtu wa kumwamini, na azungumze naye kwa simu nyingine ambayo mwenziwe haigusi. Apige picha ya kilichoonekana kwenye kioo kwa kutumia simu hiyo nyingine, aandike tarehe, na autunze ushahidi huo nje ya nyumba. Katika vituo vya polisi vya Tanzania kuna Dawati la Jinsia na Watoto, ambako shauri la namna hii hupokelewa. Kufuta kutafuata baadaye, akiwa mahali ambapo hakuna wa kumpiga.

Wako watakaosema, "Huyu ni mke wangu," au "Huyu ni mume wangu, nina haki ya kujua." Ndoa inampa mtu haki nyingi, lakini Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inahesabu kuwa ni kosa kuingia kwa makusudi katika mfumo wa kompyuta pasipo idhini halali, na simu janja ni kompyuta. Kenya nayo ilitunga sheria yake ya aina hiyo mwaka 2018. Isitoshe, anayenunua programu hizi hupeleka siri za nyumba yake kwa wauzaji asiowajua. Mwaka 2015 kampuni ya mSpy, mojawapo ya wauzaji hao, taarifa za wateja wake zilivuja zikaonekana hadharani. Aliyetaka kuchungulia peke yake akakuta amewaita majirani wote.

Namgeukia sasa yule ambaye hana tatizo lolote leo. Badilisha namba ya siri ya simu ambayo kila mtu nyumbani anaijua, na isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Usiiache simu kwa fundi ikiwa wazi. Kazi ikiwezekana kufanyika mbele yako, kaa ungoje. Isasishe simu inapokuomba, kwa kuwa masasisho hayo huziba nyufa ambazo wezi wamekwisha zijua. Na mtu yeyote akikupigia na kukuomba uweke programu ili akusaidie, kata simu, kisha uipigie benki wewe mwenyewe kwa namba iliyoandikwa nyuma ya kadi yako. Kama kweli ni wao, watakushukuru. Kama si wao, umeokoa mshahara wako.

Ndugu msikilizaji, kazi ya kuikagua simu haichukui zaidi ya muda wa kunywa kikombe cha chai. Fungua Mipangilio, soma orodha ya programu, soma waliomo kwenye Ufikivu, soma wasimamizi, soma vifaa vilivyounganishwa. Usilolijua liulizie kabla hujaliogopa. Unaponunua mtumwa wa chuma kwa jasho lako, ni haki yako kujua kama anakutumikia wewe, au mchana anakubebea mizigo na usiku anampelekea mwingine habari zako.